Kwenda nyumbani Kilimanjaro na watoto ukitokea Uingereza: panga hivi

Kila ikifika mwezi wa tisa maswali ni yaleyale, tiketi bei gani, watoto wanywe dawa gani, wazee tuwapelekee nini, tubebe hela kiasi gani. Nimeona niandike yote sehemu moja kwa ajili ya familia ambazo baba au mama (au wote) ni wa Kilimanjaro, wanaishi Uingereza na watoto wamezaliwa huku. Mengi yatawafaa pia wa Bukoba, Mbeya au Tanga, ila naandika ninachokijua, na ninachokijua ni kule kwetu mlimani.

Kabla hujaanza hata kutafuta tiketi, kaeni mkubaliane hii safari ni ya nini. Msimamo wangu ni huu: kama mna watoto wadogo na wazee ambao umri umeenda, safari ni ya wajukuu na bibi na babu yao, mengine yote yanafuata. Site ya ujenzi, harusi ya rafiki, Zanzibar, kufuatilia hati ya kiwanja, vyote ni vizuri ila vikae nyuma. Familia nyingi zinatumia maelfu ya paundi, wiki tatu zinaisha, afu ukihesabu vizuri bibi kakaa na wajukuu siku mbili tu, na hizo mbili nyumba ilikuwa imejaa wageni hata kuongea nao hakupata nafasi. Mkishakubaliana hapo, maamuzi mengine yanakuwa mepesi maana kila kitu unakiuliza swali moja, hiki kinawapa watoto muda na wazee au kinawanyang'anya?

Desemba au Agosti

Najua Mchaga na Desemba, hakuna haja ya kueleza. Kuanzia tarehe 20 barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe, Same ni magari ya kwenda Moshi tu, mabasi yanajaa mpaka LATRA (mamlaka ya usafiri) inatoa vibali kwa magari ya ziada, na kila kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) kina moshi wa ndafu. Kama watoto hawajawahi kabisa kuona ukoo wao, basi Desemba moja ni lazima, waone mabinamu wote pamoja, waende kanisani Krismasi, waone mnada baada ya ibada pale KKKT watu wanapandishiana bei ya mkungu wa ndizi na jogoo kwa ajili ya sadaka (watoto wanapenda sana hiyo, wape elfu tano tano nao washiriki). Huo ukoo ukishakutana hivyo kuna mambo mtoto anayaelewa ambayo huwezi kumwelezea ukiwa Uingereza.

Lakini Desemba ina shida zake na lazima tuziseme. Shule za Uingereza zinafunga karibu tarehe 20 hivi na likizo ni wiki mbili, kwa hiyo wote mnataka ndege siku zilezile na bei inapanda sana. Usipokata tiketi kuanzia mwezi wa sita au wa saba, utalia. Kuwatoa watoto mapema nako kuna gharama, England tangu Agosti 2024 faini imekuwa moja nchi nzima, paundi 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa inakuwa 160, na ukirudia kwa mtoto yuleyule ndani ya miaka mitatu inaanzia 160 moja kwa moja. Wazazi wawili na watoto wawili piga hesabu mwenyewe. Halafu Desemba wazee hawapo kwako peke yako, wanagawanywa kwa watoto wote waliorudi kutoka Dar, Arusha, Mwanza, na ni msimu wa harusi, kipaimara na ubatizo, kila siku mna mwaliko.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia ambayo tayari ilishakwenda Desemba: safari inayofuata nendeni mwishoni mwa Julai na Agosti. Likizo ya shule huku ni wiki sita, nyumbani kumetulia, mvua hakuna, na bibi ana siku nzima ya kukaa na mjukuu wanamenya maharage. Mabinamu watakuwa shuleni siku za kazi, hilo ni kweli, ila wanarudi jioni na wikiendi wapo. Baridi ya huko juu mwezi wa saba na wa nane ni ya kweli, bebeni masweta na soksi nzito za kulalia, watu wanadhani Afrika ni joto tu kumbe Marangu au Kibosho usiku mtoto anatetemeka.

Makaratasi

Hapa naenda haraka. Watoto wenye pasipoti ya Uingereza wanahitaji viza, ombeni mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji ya Tanzania angalau mwezi mmoja kabla, ni dola 50 kwa kila mtu, siku 90. Mtoto wa Mtanzania anaweza kuwa na pasipoti zote mbili mpaka afikishe miaka 18, hapo sheria inamtaka achague, kwa hiyo kama mnaenda mara kwa mara inafaa kumtengenezea na ya Tanzania kupitia ubalozi pale Stratford Place London, ila anzeni mapema sana msisubiri Novemba. Mtu mzima uliyechukua uraia wa Uingereza wa Tanzania umeshaupoteza, wewe pia unaomba viza kama mgeni, hata kama inauma.

Angalieni pasipoti zote zimebakiza zaidi ya miezi sita. Pasipoti ya Uingereza ya mtoto inaisha baada ya miaka mitano sio kumi, hili linawapita wengi. Wazazi mnaoishi kwa kibali, kadi za BRP (zile za ukaazi) nyingi ziliisha 31 Desemba 2024 na sasa kila kitu kipo kwenye akaunti ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza) mtandaoni, ukitengeneza pasipoti mpya ya Tanzania hakikisha umeiunganisha na hiyo akaunti kabla hujasafiri, la sivyo siku ya kurudi unaweza kukataliwa kupanda ndege huku watoto wamebeba mabegi yao mgongoni wanakuangalia.

Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya mwenzake iliyosainiwa na nakala ya pasipoti yake, pamoja na cheti kirefu cha kuzaliwa cha mtoto, kile chenye majina ya wazazi wote, hasa kama ubini wa mama na mtoto haufanani. Cheti cha homa ya manjano hamhitaji mkipitia Amsterdam, Doha au Istanbul, ila mkipitia Addis Ababa au Nairobi na mkakaa zaidi ya masaa 12 mtaulizwa, kwa hiyo angalieni hilo wakati wa kuchagua ndege. Na mifuko ya plastiki msibebe, imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, vile vidogo vya kufunga vya kuwekea vipodozi na dawa kwenye begi la mkononi havina shida.

Ndege chagueni inayoshuka KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kama hela inaruhusu. Ukishuka KIA jioni unalala Moshi usiku huohuo. Ukishuka Dar una mawili, uunganishe ndege ya ndani ya kama saa moja, au siku nzima barabarani kutokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, na watoto ambao hawajalala vizuri tangu Heathrow hiyo siku ya basi inawaumiza bure. Treni ya Moshi nayo ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi, wale wakubwa kidogo wanaifurahia, ila ni ya polepole, waekeeni wakati wa kutoka Moshi kwenda Dar mkiwa hamna haraka.

Malaria, hapa msikilize vizuri

Kuna kitu tunajidanganya sisi tuliokulia kule, tunasema mi malaria nimeizoea. Kinga uliyokuwa nayo inapungua ukikaa miaka Ulaya, na mtoto aliyezaliwa Leeds au Reading hana kabisa. Uingereza kila mwaka wagonjwa wengi wa malaria wanaorudi nayo sio watalii wa safari, ni watu kama sisi waliokwenda kuona ndugu. Mtalii anakunywa dawa zake, sisi tunasema tunaenda nyumbani.

Utasikia pia ndugu wanakwambia huku juu hakuna mbu. Ni kweli huko juu mbu ni wachache, na wataalamu wanasema malaria Tanzania ipo maeneo yote chini ya mita 1,800, lakini vijiji vyetu vingi viko chini ya hapo na vilevile mtalala Moshi mjini, mtapita Korogwe, mtafika Dar. Kwa hiyo dawa ni kwa wote, hata wewe baba mtu mzima.

Nendeni kliniki ya safari au famasi wiki sita hadi nane kabla. Inayotumika zaidi kwa watoto ni Malarone au ile ya bei nafuu yenye dawa hizohizo ndani, inaanza siku moja au mbili kabla ya kufika, kila siku mkiwa kule, na siku saba baada ya kuondoka. Dozi ya mtoto inaenda kwa uzito, kwa hiyo mpimeni kilo siku hiyo msikisie. Doksisaiklini ni rahisi ila watoto wadogo hawapewi. NHS hailipii dawa za kuzuia malaria, iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo maana familia ya watu watano kwa wiki nne inafika hela ya maana. Ila chanjo ya taifodi, homa ya ini A na ile ya pepopunda na polio NHS wanatoa bure, watu wengi wanalipia bila kujua.

Vyandarua vyenye dawa nunueni Moshi, bei ya kawaida, na mkiondoka mnaviacha pale nyumbani. Mikono mirefu jioni. Maji ya kunywa yachemshwe au ya dukani, kwenye kupiga mswaki pia kwa wale wadogo. Tumbo likivuruga, pakiti za ORS zipo kila duka la dawa na bei yake ni ndogo, mpe mapema usisubiri alegee. Viatu wavae muda wote maana funza wapo. Na wafundisheni kabla ya safari kwamba mbwa wa kule sio wa kuchezea, mtoto aking'atwa au hata kukwaruzwa osheni kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 afu hospitali siku hiyohiyo. KCMC ipo pale Moshi na ni hospitali kubwa ya kanda nzima, ila kateni bima ya safari bado, maana mambo makubwa yakitokea mtadaiwa hela kwanza.

Kitu kingine, kiti cha mtoto cha gari. Mashirika mengi ya ndege yanakibeba bure. Kule kukipata cha kukodi ni shida na barabara ile ya kutoka Segera kuja Moshi sio ya kumpakata mtoto mbele. Kodini gari lenye mikanda na dereva anayeijua njia, mwambieni mapema hamsafiri usiku, na gari liwe la juu maana mvua ikinyesha njia za kupandia vijijini zinateleza gari dogo halipandi. Speed 50 kwenye vijiji, tochi za trafiki zipo kila mahali, mwacheni dereva aendeshe taratibu.

Ratiba: wazee kwanza

Kosa ninaloliona kila mwaka ni familia kuanza na Zanzibar "tupumzike kwanza", afu Dar kwa shangazi, afu mjomba Kigamboni kakasirika lazima tupite, mpaka wanafika mlimani zimebaki siku nne na watoto wameshachoka wanataka kurudi. Geuzeni. Nendeni mlimani moja kwa moja, kaeni angalau siku kumi mfululizo, wale wa Dar waoneni mwishoni kwa siku mbili mkiwa njiani kuondoka, na waambieni hivyo kwenye grupu la ukoo mwezi mzima kabla ili kila mtu ajue na asijisikie kadharauliwa. Zanzibar kama ipo iwe ya mwisho, na jueni kwamba tangu 1 Oktoba 2024 wenye pasipoti za nje wanakata bima ya kule ya dola 44 kwa mtu mzima, hata kama mmeshakata bima yenu Uingereza.

Siku mbili za kwanza msipokee wageni. Mwambieni dada au kaka aliyepo nyumbani atangaze kwamba mtawakaribisha watu wote Jumapili, siku hizi mbili ni za kulala na watoto kuzoea. Watoto wanafika wamechoka, choo tofauti, harufu ya moshi jikoni, ng'ombe analia usiku, afu ghafla watu 40 sebuleni wote wanataka wawakumbatie, hapo mtoto anajifungia na mnaanza vibaya.

Kuna ziara ambazo huwezi kuziruka. Tangu ulipoondoka kuna watu wamefariki, na kila nyumba iliyofiwa lazima ufike utoe pole na rambirambi hata kama ni mwaka umepita. Kaa na mtu wa nyumbani mwandike orodha siku ya kwanza, msipofanya hivyo mtamsahau mmoja na hilo litakumbukwa kwa muda mrefu. Nendeni wazazi, watoto wabaki na bibi, isipokuwa zile nyumba za karibu sana. Makaburi yapo pale kihambani, hayo nendeni na watoto wote, babu awaonyeshe huyu ni nani na yule ni nani. Mtoto wa kiume wa kwanza mara nyingi kapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo mtoto wako wa Birmingham anaweza kusimama mbele ya kaburi lenye jina lake. Asijue ghafla pale pale, mwandaeni kabla.

Site ya ujenzi ipewe siku moja. Moja. Beba fundi, beba daftari, pima, piga picha, lipa kilichokubaliwa, maliza. Wababa wengi likizo nzima wako kwenye saruji na nondo, watoto wanamwona baba usiku kama wanavyomwona Uingereza.

Hela na zawadi

Hapa ndo pagumu na ndo panaharibu safari nyingi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na mtu anayelea wazee. Kila nyumba ina mtu huyo, dada ambaye hakuolewa mbali, au mke wa kaka mdogo, yeye ndo anampeleka mama kliniki ya presha, anaamka usiku, anakamua ng'ombe. Sisi tunatuma hela tunajiona tumefanya, ila yeye anatoa maisha yake. Zawadi ya kwanza na ya maana kuliko zote ni ya huyu, na apewe mkononi, pembeni, kwa maneno ya heshima. Jueni pia kwamba familia ya watu watano ikija ni yeye atakayepika, atakayefua na atakayechota. Kwa hiyo kabla hamjafika tumeni hela aweke msaidizi au wawili kwa muda wote mtakaokuwepo, ajaze gesi, anunue kuni, mchele, mafuta, sukari. Mkimfanya mtumishi wa likizo yenu mtakuwa mmekuja kumwongezea mzigo.

Baada ya hapo kaeni mke na mume mpange kiasi chote cha safari kikiwa kimeshatoka benki, mkigawe: usafiri wa ndani, chakula cha nyumbani pamoja na kuchinja, wazee, ndugu, rambirambi na michango ya harusi, na dharura ambayo haiguswi mpaka uwanja wa ndege. Fungu la ndugu likiisha limeisha. Atakayekuja na shida ya ada mwambie kwa upole kwamba safari hii umejipanga kwa wazee, atume maelezo ya shule mtaongea ukirudi, na kama utasaidia lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Usiahidi kitu chochote usiku watu wakiwa wamekunywa mbege na kila mtu ana furaha. Ahadi ya pale inageuka deni, na utadaiwa na watu ambao hata hawakuwepo.

Hela ya kumpa mtu iwe kwenye bahasha na iwe faragha. Ukimpa mama mdogo mbele ya mama mkubwa umewagombanisha na wewe unapanda ndege unawaacha nayo.

Zawadi za kubeba, punguzeni. Ukiwa na nafasi ya kilo 23 usijaze sabuni na biskuti ambazo Moshi zipo. Bibi anataka kitenge kizuri na hicho utapata Moshi mjini, tena anachagua mwenyewe rangi mkienda naye, na hiyo siku ya kwenda naye mjini ni zawadi kuliko kitenge. Vya kubeba kutoka Uingereza ni vile ambavyo kule ni ghali au ubora wake una shaka: mashine ya kupimia presha ya mkononi yenye betri za kawaida, koti zito la babu la kuvaa asubuhi, viatu vya miguu inayovimba, miwani kama mnajua vipimo vyake. Kwa watoto wa ndugu leteni kitu cha kuchezea wote pamoja, mpira mzuri na pampu yake, badala ya zawadi moja moja ambazo lazima mmoja akose. Simu na kompyuta zikiwa nyingi kwenye begi forodha watauliza, na fedha taslimu zaidi ya dola 10,000 ni lazima utangaze.

Kubadilisha hela, noti za dola ziwe mpya na kubwa, za 50 na 100, za zamani wanazikataa au wanazishusha bei. Paundi zinapokelewa benki na kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Usikubali tena mtu akudai dola kwa hoteli au gari, kanuni za mwaka 2025 zinataka malipo ya ndani yafanyike kwa shilingi. Laini ya simu sajilini siku ya kwanza kwenye duka la mtandao wenyewe, mwenye kitambulisho cha NIDA kwa alama za vidole, wa pasipoti ya nje kwa pasipoti yake, maana bila laini hamna kulipa kwa simu na siku hizi mpaka bodaboda analipwa kwa simu. Mlioondoka zamani msishangae, Tigo sasa inaitwa Yas.

Kuchinja, kama ni mbuzi au ng'ombe, wewe toa hela afu waachie wazee. Kila kipande kina mwenyewe, nani anapewa kidari, nani mguu, ni mambo ya ukoo, usiingilie kugawa ukidhani unarahisisha.

Watoto wenyewe

Kazi ya kuwaandaa inaanza miezi mitatu kabla. Kila Jumapili pigeni video WhatsApp, sio wewe uongee na mama nusu saa afu umpe mtoto aseme "hi", hapana, mtoto aanze yeye na awe na jambo la kumwonyesha bibi, jino limetoka, mchoro, kaptula ya mpira. Chapisheni picha za ndugu wa karibu mbandike kwenye friji na majina, huyu ni shangazi nani, huyu mjomba nani, ili wakifika wasiwe wanasalimia ukuta wa sura.

Shikamoo lazima, tena kwa kila mkubwa, mpaka iwe inatoka yenyewe. Kama hajui Kiswahili kingine chochote, shikamoo, asante, naomba maji, nimeshiba na chooni ni wapi vitambeba. Akijua kusema "aika" (asante kwa Kichaga) bibi atawaita majirani wote waje wamsikie. Na ongeeni na mabinamu wakubwa mapema wasimcheke anavyotamka, mtoto akichekwa siku ya kwanza anafunga mdomo wiki nzima.

Mwambieni kuhusu kuchinja kabla, kwamba mbuzi atakayemwona asubuhi ndiye chakula cha jioni, na kama hataki kuangalia aende na bibi bustanini, asilazimishwe na asichekwe. Chakula kingine hakina tabu, mtori na machalari watoto wengi wanakula, kiburu wengine hawakiwezi, wali na maharage upo kila mahali. Msibebe begi zima la vyakula vya Uingereza, bebeni kidogo kwa siku mbili za mwanzo tu.

Mpeni kila mtoto kazi moja ya nyumbani ambayo ni yake. Kukata majani ya ng'ombe na babu, kuokota mayai, kuchambua mchele. Watoto wa huku wamezoea kuburudishwa, kule wanakuwa watu wa nyumba kupitia kazi, na babu asiyejua Kiingereza na mjukuu asiyejua Kichaga wanaelewana vizuri sana wakiwa wanapeleka majani zizini. Tableti iwe ya ndege na ya safari ndefu za gari, nyumbani ikae kwenye begi. Siku moja wapelekeni maporomoko ya Materuni au kuogelea Chemka, watoto wa ndugu muwabebe pia, na bebeni vitambulisho maana wageni na raia wanalipa viingilio tofauti.

Mwombeni bibi na babu wasimulie, na mrekodi kwa simu. Jina la baba yake babu, walitoka wapi, shule alisoma wapi, kahawa waliuzaje. Mtoto ndo aulize, wewe tafsiri. Wazee wakiulizwa na mjukuu wanaongea mambo ambayo wewe mtoto wao hujawahi kuambiwa.

Kuondoka na kufika

Siku ya mwisho nyumbani msiweke safari yoyote, kaeni pale. Fungeni mabegi usiku wa kabla yake ili asubuhi ile isiwe ya kupiga kelele wapi pasipoti. Nyama na vitu vya maziwa Uingereza hawaruhusu kutoka Tanzania hata kama bibi kakaanga vizuri, watavichukua uwanjani, mwambieni mapema asijisumbue. Kahawa, majani ya chai na unga wa ulezi ndo vya kubeba.

Mkifika Uingereza kuna watoto wanaokuwa na huzuni siku kadhaa, wengine wanakuwa wakali bila sababu. Usiku wa kwanza huohuo mpigieni bibi, na ile simu ya Jumapili iendelee palepale bila kukatika hata wiki moja, bibi naye nyumba imekuwa kimya upande wa pili.

Dawa za malaria zimalizwe siku zote saba hata kama watoto wamesharudi shule na wanazikataa. Na homa yoyote ikipanda, hasa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ila mpaka mwaka mzima, msiseme ni mafua ya shule. Pigeni simu siku hiyohiyo, sentensi ya kwanza iwe "tumetoka Tanzania", ombeni kipimo cha damu cha malaria, na mtoto akiwa analegea, anatapika au haeleweki anachoongea nendeni moja kwa moja dharura hospitali bila kusubiri miadi.